Tozo ya shule jimbo la Washington: thamani ya nyumba ikipanda, shule zinapata zaidi?

Karani_wa_Mtaa
Wakuu, naomba ufafanuzi kwa wanaozijua kodi za Marekani, hasa jimbo la Washington. Wilaya ya shule inapeleka kwa wapiga kura mwezi Februari tozo ya miaka 4 (kodi ya mali ya kuendeshea shule), dola milioni 20 kila mwaka. Karatasi ya kura inaonyesha kiwango cha takriban $2.00 kwa kila $1,000 ya thamani ya mali. Mthamini wa kaunti akipandisha thamani ya nyumba zote, si shule zitavuna zaidi bila kuomba kura? Kwa nini hati fungani za majengo (mkopo wa kujengea shule) zinadai asilimia 60 ya kura ilhali tozo inapita kwa wingi wa kawaida? Na tozo ikianguka, hutokea nini hasa?

Hesabu_Kwanza
Swali la kwanza ndilo linalowapoteza wengi, kwa hiyo nitakaa hapo. Kinachopigiwa kura Washington ni kiasi cha dola. Ile $2.00 ni makadirio tu, imewekwa ili mwenye nyumba apate picha ya bili yake.

Tuseme mali zote za wilaya zina thamani ya $10,000,000,000. Gawanya milioni 20 kwa hizo, unapata $2.00 kwa kila $1,000. Nyumba ya $600,000 italipa $1,200. Mwaka unaofuata mali zote zikipanda kwa asilimia 10, jumla inakuwa bilioni 11, lakini tozo imebaki milioni 20 ileile. Kiwango kinashuka hadi takriban $1.82, nyumba ile sasa ni $660,000, na bili inabaki $1,200. Shule haijapata hata senti moja ya ziada.

Bili yako inapanda pale nyumba yako inapowazidi majirani. Wilaya nzima imepanda asilimia 10, yako imepanda 20 na kufika $720,000: utalipa kama $1,309. Nyumba ambayo haikupanda kabisa itashuka hadi kama $1,091. Mzigo umehama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Majengo mapya nayo huongeza idadi ya wanaochangia, hivyo wote hupata nafuu kidogo.

Angalia pia bili yenyewe. Utakuta mstari wa kodi ya shule ya jimbo, wenye sehemu mbili. Ya pili iliongezwa kuanzia bili za 2018 kutokana na kesi ya McCleary, ambayo mahakama ililitaka jimbo ligharamie shule kikamilifu. Fedha hizo zinakwenda jimboni. Watu wanaona neno "shule" kwenye mistari mitatu kisha wanailaumu bodi ya wilaya kwa yote, na huo ni uonevu.

Bodi_na_Bajeti
Kuhusu asilimia 60: zamani hata tozo zilikuwa na masharti hayohayo. Mwaka 2007 wapiga kura walirekebisha katiba ya jimbo, tozo za shule zikaanza kupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Hati fungani zikaachwa zilipokuwa, kwa kuwa ni mkopo unaolipwa na wenye mali kwa miaka mingi. Fedha zake ni za kujenga na kukarabati, huwezi kumlipia mwalimu mshahara.

Kuna mtego ambao hata wanakampeni wazoefu huusahau. Kwa hati fungani, idadi ya waliopiga kura lazima ifike asilimia 40 ya waliojitokeza wilayani katika uchaguzi mkuu uliotangulia. Walikuwa 20,000? Basi zinahitajika kura 8,000, na angalau 4,800 ziwe za ndiyo. Februari inayofuata uchaguzi wa rais kizingiti hicho huwa juu sana, kwa sababu Novemba watu walifurika.

Ratiba_Ngumu
Swali la tatu halihitaji vitisho, kalenda inatosha. Bodi inaruhusiwa kupeleka tozo kwa wapiga kura mara mbili tu kwa mwaka. Kwa kawaida huchagua Februari na Aprili.

Chukua mwaka 2024. Uchaguzi ulikuwa Februari 13, matokeo yakathibitishwa Februari 23, na hiyohiyo Februari 23 ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kuwasilisha azimio la uchaguzi wa Aprili 23. Bodi ikingoja uthibitisho ndipo iitishe kikao, imechelewa. Azimio la pili liandaliwe mapema, na wajumbe waamue kwa kutazama mwelekeo wa hesabu. Kura za Aprili nazo zinathibitishwa mwanzoni mwa Mei, wakati mwalimu ambaye mkataba wake hautaendelezwa anatakiwa kujulishwa kufikia Mei 15, isipokuwa bunge la jimbo limechelewesha bajeti. Ndiyo maana barua za kupunguza watu huandaliwa kabla matokeo hayajatulia. Inauma, lakini wilaya haina namna.

Ikianguka mara zote mbili, pengo haliji siku hiyo. Kodi hulipwa kwa mafungu mawili, Aprili 30 na Oktoba 31. Tozo ya zamani ikiisha Desemba, fungu la Oktoba bado linaingia, kisha la Aprili halipo, katikati ya mwaka wa shule unaoanza Septemba. Hata tozo mpya ikipita mwaka huo wa pili, itaanza kukusanywa Januari inayofuata, kwa hiyo Oktoba nayo ni tupu. Wa kwanza kuguswa ni wauguzi wa shule, washauri, michezo na muziki, yaani vitu ambavyo mgao wa jimbo haulipii au unavilipia nusunusu. Na wilaya maskini inapoteza mara mbili: msaada wa jimbo wa kusawazisha tozo hauji kama hakuna tozo iliyopitishwa.

Hesabu_Kwanza
Niongeze tahadhari: usichukue maelezo ya jimbo jingine. Ohio, kwa mfano, hutoza kwa mili, yaani dola 1 kwa kila $1,000, lakini ya asilimia 35 tu ya thamani ya soko. Nyumba ya $200,000 inahesabiwa $70,000, na mili moja ni $70.

Jambo linalonisumbua katika mfumo wote huu ni msingi wa kodi. Kiwango cha $2.00 penye mali za dola milioni 2 kwa kila mwanafunzi kinaleta $4,000. Penye $400,000 kinaleta $800. Wazazi wamejitoa sawasawa, watoto wamepata tofauti. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4 katika kesi ya Rodriguez kutoka San Antonio, ilikataa kusema kwamba tofauti hiyo inavunja katiba ya nchi. Tangu hapo mapambano yako kwenye mahakama za majimbo.

Karani_wa_Mtaa
Nimeelewa sana, asanteni. Moja la mwisho: wazee wenye kipato kidogo wanaponaje?

Bodi_na_Bajeti
Mwenye miaka 61 au zaidi, au mwenye ulemavu unaomzuia kufanya kazi, na kipato chake kiko chini ya kikomo cha kaunti yake, anasamehewa tozo za shule za kupigiwa kura kwenye nyumba anayoishi. Haiji yenyewe. Anajaza fomu ofisini kwa mthamini wa kaunti na kuambatanisha uthibitisho wa umri na kipato. Kama alistahili miaka iliyopita na hakuomba, aulize pia marejesho, hadi miaka 3 nyuma.