Mtungi wa kilo 15 umeisha siku 19: nibaki na gesi, nirudi kwenye mkaa au ninunue presha kuka ya umeme?

Baba_Tabata
Habari wakuu. Zamani mtungi mkubwa ulikuwa unanifikisha siku 35 mpaka 40. Huu wa mwisho nimelipa 58,000, siku ya 19 jiko likazima na ugali haujaiva. Tuko watu watano, jiko la mezani la pleti mbili. Namshuku muuzaji, naona kanipimia hewa. Mke anataka presha kuka, mimi nawaza mkaa. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

MamaMakande
Mkaa shemeji. Mimi maharage na makande siweki kwenye gesi hata unilipe. Kopo moja la mkaa linaivisha na bado nachomea ndizi juu yake.

Fundi_Majiko
Mama, kwa makande sikubishii, ila yeye anapika na chai ya asubuhi. Atawasha mkaa saa kumi na moja alfajiri?

Baba Tabata, kabla hujanunua chochote angalia moto wako. Ukiwa wa bluu, sawa. Ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, matundu ya pleti yameziba au hewa haiingii vizuri, hapo unachoma pesa. Kisha chukua sabuni ya unga, koroga povu, paka kwenye kichwa cha mtungi na mpira wote mpaka kwenye jiko. Povu likivimba, hapo panavuja. Usitumie kiberiti! Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni inakusubiri.

Kijana_wa_Mzani
Suala la kupunjwa lina dawa rahisi. Mtungi umegongwa uzito wake ukiwa mtupu, tafuta herufi TW au neno TARE pale shingoni. Jumlisha 15, hiyo ndiyo namba unayotakiwa kuiona kwenye mzani. Muuzaji anatakiwa awe na mzani dukani, mwambie apime mbele yako kabla hujalipa. Asipotaka, hama duka.

Na wanaosema mtungi mdogo una nafuu: wa kilo 6 mtaani kwangu ni 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Huo wako ni kama 3,870. Tofauti ndogo sana, haielezi siku 19.

Mwana_wa_Likoni
Huku Mombasa mitungi yetu ni ya kilo 6 na 13, lakini shida ni hiyo hiyo. Ndugu yangu, kuna mtu anachemsha maji ya kuoga hapo nyumbani?

Baba_Tabata
Mama mkwe yuko kwetu tangu Juni, na hii kipupwe. Yeye na watoto wawili wanaoga maji ya moto, asubuhi na jioni. Lakini ni sufuria ya lita tano tu kila mtu!

Mwana_wa_Likoni
Basi mwizi umeshampata 😂

Fundi_Majiko
Tupige hesabu. Lita tano kuzifikisha kwenye kuchemka kwa jiko la kawaida, ambapo karibu nusu ya joto inapotelea pembeni, zinakula kama gramu 65. Watu watatu mara mbili ni sufuria sita, karibu gramu 390 kwa siku. Kwa siku 19 ni zaidi ya kilo 7. Nusu ya mtungi imeingia bafuni, mkuu.

DadaUniti
Hapo ndipo umeme unapoingia. Presha kuka kwa maharage ni nzuri, yakilowekwa usiku haifiki hata uniti moja. Maji nayo, jagi la umeme linachemsha hizo lita tano, kwa awamu mbili tatu, kwa karibu nusu uniti. LAKINI sufuria sita kwa siku ni karibu uniti 90 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la chini ya uniti 75, unayelipa kama shilingi 122 kwa uniti, utavuka na kuangukia kwenye 356. Hapo friji, taa, pasi, vyote vinapanda na wewe. Unanunua uniti ngapi kwa mwezi?

Baba_Tabata
Kama 60.

DadaUniti
Basi presha kuka ya maharage mara mbili kwa wiki itakaa humo humo. Maji ya kuoga usiyaingize kwenye mita ya LUKU.

Baba_Tabata
Mrejesho wakuu. Jana nimechukua mtungi mwingine, nimeng'ang'ania mzani. Mtupu umegongwa 15.6, mzani ukasoma 30.5. Muuzaji kaniangalia tu, na mimi nikaangalia pembeni. Povu halikuvimba popote. Moto wa pleti kubwa ulikuwa na ncha za njano, nimezibua matundu kwa sindano.

Presha kuka nanunua mwisho wa mwezi. Mkaa nimeuacha, samahani MamaMakande. Maji ya kuoga tumekubaliana gesi iwe asubuhi tu. Jioni simtank nyeusi ya juu ya paa inakuwa imeshinda juani na maji yanatoka vuguvugu yenyewe. Watoto wameridhika. Mama mkwe anasema yananuka plastiki.

MamaMakande
Mchemshie mama wa watu shemeji, hiyo gramu 65 nitachangia mimi.