Nimepata kazi ya ukutubi, nia yangu ni historia. Niichukue?

Kijana wa Wete
Assalaam alaykum wakubwa zangu. Nimemaliza digrii ya historia, niko nyumbani Wete. Skuli moja imenipa nafasi ya kusimamia maktaba, lakini ninachotaka ni kuandika historia ya Pemba. Jamaa wanasema kupanga vitabu si kazi ya msomi. Tena nyumbani kuna bweta la marehemu babu, limejaa khati za Kiarabu na za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nyingi ni rahani za mashamba ya mikarafuu. Natamani nizihariri zichapishwe. Nianzie wapi?

Bi Mstaafu, Unguja
Waalaykumu ssalaam mwanangu. Ichukue. Mimi nimezeekea kwenye majalada, na nilichokiona ni hiki: mtafiti huja Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na swali lake, akaagiza mafaili mawili matatu, akenda zake. Anayeyaorodhesha ndiye anayeyasoma yote, hata yale yasiyoulizwa na mtu. Hao jamaa zako waambie Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikuwa mwalimu wa skuli, kisha kadhi, na huku akiandika. Sir John Gray alikuwa Jaji Mkuu wetu. Historia yake ya Zanzibar ilitoka 1962. Nani kati yao alikula kwa kuandika historia tu?

Sasa hilo bweta. Nakuomba sana usizipange khati kwa tarehe! Zipige picha kama zilivyolala, kila moja uitie nambari kwa penseli, nyuma, pembeni. Khati ya rahani ikikutwa imekunjwa ndani ya barua ya mwaka mwengine, aliyeikunja alikuwa na sababu, na ukizitenganisha umeipoteza. Selotepu usiiguse kabisa, gundi yake hugeuka manjano ikaila karatasi.

Ukianza kunukuu, nukuu kilichoandikwa, si unachodhani mwandishi alikusudia. Waandishi wa zamani wengi walitumia *ba* moja kwa b, p na mb. Bila ya irabu, "Pemba" na "baba" huweza kufanana, na katika khati ya Kiarabu huenda usilione jina Pemba kabisa, ukakuta al-Jazira al-Khadra. Sahihisho lako liweke kwenye tanbihi, matini yabaki yake. Na tarehe: siku yao ilianza magharibi. Khati ya "usiku wa Ijumaa" iliandikwa Alhamisi jua lilipokwisha kuchwa, basi ukigeuza Hijria kuwa Miladia bila ya kuliangalia hilo, umekosea siku nzima.

Mkutubi wa Bara
Mdogo wangu, ukiwa kazini uliza pia kuhusu chuo cha ukutubi na nyaraka cha Bagamoyo, SLADS. Digrii ya historia haikufundishi kuorodhesha wala kutunza karatasi.

Kijana wa Wete
Ahsanteni sana. Bi, nimeangalia za juu tu: kuna za mwaka 1320 wa Hijria, na moja ya 1289 inataja kimbunga.

Bi Mstaafu, Unguja
Subhanallah! 1289 ilianza Machi 1872, na kimbunga kilipiga Aprili. Mikarafuu ya Unguja iling'oka mingi mno, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya kwenu. Kwa hiyo tazama kwa makini nani anakopesha na nani anaweka shamba rahani baada ya mwaka huo. Hiyo ndiyo historia yako ya Pemba, imo ndani ya bweta.

Ila kabla ya kuchapisha hata ukurasa mmoja, kaa na wazee wa ukoo wako na wa hao waliotajwa. Rahani nyengine hazikukombolewa, na wajukuu wa pande zote mbili bado mnasali msikiti mmoja. Wasomee wenyewe. Watakaotaka jina lao lisitoke, wasikilize, na kwenye dibaji useme wazi kuwa kuna majina uliyoyazuia.