Tupeane uzoefu: kuandaa wasifu wa mzee wa familia bila kuruka mtu wala kukosea tarehe

Mwenye uzi
Wakuu, wasifu wa marehemu husomwa mara moja tu, ila kosa lake hutajwa kila kikao cha ukoo. Mnaoijua kazi hii wekeni hatua, vipimo na pale panapoharibika. "Alikuwa mcheshi na mchapakazi" tuliache, kila marehemu analo.

Kalamu Nyekundu
Anza na majina, maisha yafuate. Andika wazazi wa mzee, ndugu zake kwa kufuatana, wake zake, na kila mtoto chini ya mama yake. Karatasi hiyo ipitie kwa watu watatu wa matawi tofauti, mmoja mmoja, maana wakikaa pamoja mkubwa akisema wengine wananyamaza. Wanaosahauliwa zaidi ni watoto waliotangulia mbele ya haki. Suala la mtoto wa nje ya ndoa limalizwe na wakubwa mapema, asiachiwe mwenye kalamu usiku wa kuamkia mazishi. Na idadi ya wajukuu ikileta ubishi, andika "ameacha watoto, wajukuu na vitukuu", basi.

Tarehe ndizo zinazoumbua. Cheti, paspoti na barua ya ajira vinaweza kutoa miaka mitatu tofauti. Ukikuta 1 Januari, shuku: mara nyingi karani aliijaza kwa sababu mwaka tu ndio uliojulikana. Hapo taja mwaka peke yake. Pasipo karatasi, usimuulize bibi "ilikuwa mwaka gani?" Muulize kama kifungua mimba alikuwa ameshazaliwa, kama alikuwa anatembea au bado anabebwa. Kisha piga hesabu. Ikitokea mzee aliajiriwa akiwa na miaka 9, kuna tarehe moja inadanganya.

Mwenye uzi
Shukrani mkuu. Na tabia yake unaiandikaje?

Kalamu Nyekundu
Badala ya sifa, weka kitendo. "Alikuwa makini" haimwonyeshi mtu yeyote. "Kila usiku alizunguka nyumba akigusa makomeo, hata lile alilolifunga mwanawe mbele ya macho yake" inamwonyesha yeye, na waliomjua watacheka katikati ya kilio. Viwili au vitatu vya namna hiyo vinatosha. Vikifika kumi, inakuwa simulizi ya kijiweni.

Msomaji wa Zamu
Nami niseme la usomaji. Kwa mwendo wa msibani, kadiria maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo maneno 600 ni dakika sita. Chapa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, mistari iachane, kurasa zipewe namba. Sentensi isikatike mwisho wa ukurasa, kwani ndipo msomaji hupoteza mstari. Usibane kwa pini, maana kufunua kunasikika kwenye kipaza sauti. Msomaji asiwe mtoto aliyemuuguza mzee, sauti itakatika tu. Mjukuu au mpwa anafaa, na wa akiba akae karibu na nakala yake mkononi.

Fundi Picha
Picha za zamani: skana kwa nukta 600 kwa inchi. Zile ndogo za paspoti ziende 1200, la sivyo ukizikuza uso unakuwa ukungu. Huna skana? Tumia simu karibu na dirisha, flashi imezimwa, simu ilale sambamba na picha. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue, rangi itabaki kwenye kioo. Ipige hapo hapo ilipo. Iliyoshikwa na gundi ya albamu, pitisha taratibu chini yake uzi wa kusafishia meno. Na tafadhali, kwenye WhatsApp itume kama faili, sio kama picha, maana inabanwa na ubora unapotea.

Kaseti
Mkuu hapo juu kasahau sauti. Kama mzee yumo kwenye kaseti, kabla ya kuicheza vunja vile vijipande viwili vya plastiki kwenye ukingo wake, mtu asije akabonyeza kitufe cha kurekodi juu ya sauti yake. Ipeleke mbele hadi mwisho, kisha irudishe, ili utepe ulegee. Unganisha tundu la spika za masikioni la redio ya kaseti na kompyuta kwa waya, rekodi, hifadhi kama WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, njia ya mkato hamna, na faili litafika kama MB 600.

Aliye hai mrekodini sasa. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hivi toka mdomoni. Jaribu dakika moja, usikilize, ndipo uendelee. Feni na redio ya chumba cha pili vinaingia kuliko unavyodhani.

Fundi Picha
Nyongeza kuhusu majina ya waliomo kwenye picha: andika kwa penseli laini, pembeni mwa mgongo wa picha, kalamu ya wino hupenya. Asiyefahamika muandike hivyo hivyo, "wa tatu kutoka kushoto, hajulikani". Ukimbandika jina la kukisia, hakuna atakayemtafuta tena.