Gobore la babu: kuondoa vanishi na kutu bila kuliharibu

Msukuma wa Magu
Ndugu zangu, salaam. Baada ya kukamilisha taratibu za leseni polisi, nimekabidhiwa na ukoo gobore la babu, lile la kufyatuliwa kwa fataki, ambalo lilikaa miaka mingi darini. Kitako kimepakwa vanishi nene inayobanduka, na mtutu una kutu nyekundu, hasa karibu na kifa, kile kichuchu cha nyuma ya mtutu kinachovishwa fataki. Fundi mmoja wa Nyakato anataka kuupitisha mtutu kwenye grenda yenye brashi ya waya, akipige kitako msasa, kisha apake vanishi mpya. Sikusudii kulipigia, nataka tu lisiendelee kuoza. Je, nikubali?

Mzee wa Igoma
Kijana wangu, kabla ya habari ya grenda, hakikisha kwamba halina baruti. Magobore mengi yaliwekwa darini yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi kwa uzee. Ondoa fataki kama ipo, elekeza mdomo wa mtutu mahali pasipo na mtu, uso wako ukiwa kando, kisha ingiza kijiti cha mbao taratibu hadi kigote. Weka alama mdomoni, ukitoe, ukilaze juu ya mtutu kwa nje. Ncha isipofika karibu na kifa, kuna kitu ndani. Usilipashe moto wala kulichokoa, bali uwaarifu polisi waliokupa leseni wakuelekeze kwa fundi wa silaha.

Grenda ikatae. Waya wake hula pembe za mtutu na kufuta mihuri, nayo ndiyo inayoeleza silaha ilikotoka: zile za Liège, Ubelgiji, aghalabu zina herufi ELG ndani ya umbo la yai. Tena namba iliyoandikwa kwenye leseni ikifutika, utakuwa na la kujibu.

Fundi wa Kirumba
Mzee amenena vema. Likishathibitika kuwa tupu, tenganisha mtutu na mbao, uoshe ndani kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu masalia ya baruti nyeusi yana chumvi zinazovuta unyevu, nasi tunaoishi kando ya ziwa hatuna upungufu wa unyevu. Kizibo cha nyuma ya mtutu usikifungue.

Sasa itazame kutu yenyewe. Iliyo ya kahawia, nyororo, isiyoachia unga kidoleni, iache. Mafundi wa zamani mara nyingi waliushikisha mtutu kutu kwa makusudi ili upate rangi hiyo. Nyekundu yenye unga, ikiwa ni madoa machache, ilowanishe kwa mafuta na uikwangue kwa kipande cha shaba, ambacho ni laini kuliko chuma. Ikiwa imeenea mtutu mzima, ondoa mafuta yote, kisha uuchemshe katika maji safi ya mvua kwa nusu saa hivi: kutu nyekundu itageuka nyeusi na kushika, na unga utakaobaki juu utaufuta kwa stilwaya laini kabisa. Fundi bati anaweza kukukunjia hori refu la bati jeusi, si la bati la kuezekea lenye zinki. Ukiutoa, ukaushe na kuupaka mafuta ungali na moto.

Seremala wa Nyegezi
Kwa upande wa mbao, nasita kidogo kusema vanishi yote iondolewe. Paka spiriti mahali palipojificha: ikiyeyuka upesi, huenda ni shelaki, yaani vanishi ya asili ya zamani, na hapo usafishe tu. Isipoyeyuka, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni vanishi ya kisasa, basi tumia dawa ya kubandua rangi na kikwangulio cha mbao. Msasa haufai, kwani mbao ikipungua, mabamba ya chuma yatabaki yamechomoza juu yake. Palipobonyea, weka kitambaa kibichi na upitishe pasi ya moto. Nyuzi za mbao zitavimba na kurudi. Mwisho paka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, kila moja ikauke kwanza.

Msukuma wa Magu
Nawashukuru sana. Fundi wa Nyakato nitamwambia asiguse. Je, mafuta ya alizeti hayawezi kushika nafasi ya kitani?

Seremala wa Nyegezi
Hapana, ndugu. Alizeti hukauka polepole mno na kubaki inanata, ikikusanya vumbi. Na vitambaa vilivyolowa kitani usivirundike kibandani, kwa maana hujipasha joto vyenyewe hata kuwaka. Vilowanishe kwa maji au uvitandaze nje vikauke.