Naomba ushauri: nichambue vipi mchezo wa 6 wa Fischer na Spassky, 1972?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaopenda chesi. Najifunza mchezo wa 6 wa ubingwa wa dunia, Reykjavik 1972. Fischer (mweupe), aliyezoea kuanza na askari e4 (herufi na namba ni jina la mraba wa ubao), alifungua kwa c4, mchezo ukaingia ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia, na Spassky (mweusi) akajibu kwa ulinzi uitwao mfumo wa Tartakower (askari h6 na b6). Mchezo mzuri mno; hata Spassky mwenyewe alimpigia makofi mpinzani wake.

Ninapokwama ni hapa. Hatua ya 14 Fischer alipeleka askofu b5, Spassky akasogeza a6. Mwaka 1973, katika hali hiyo hiyo, bingwa wa chesi Geller (mweusi) alipocheza na bingwa mwenzake Timman alijibu kwa malkia b7, akashinda. Kwa nini malkia b7 inafaa kuliko askari a6? Halafu hatua ya 20, mweusi aliposukuma askari d4: askofu mweupe akapata mraba wa c4 na askari mweusi wa e6 akabaki dhaifu. Angeacha askari d5?

Nikifungua programu ya kompyuta inanipa namba tu, sababu siioni. Mnaonaje, nianze na ubao na kalamu kwanza, kompyuta baadaye? Na kwa mchezaji wa klabu, nikariri hatua za ufunguzi au nisome kwanza mpangilio wa askari wa mweusi wanaokaa c5 na d5 kama katika mchezo huu?