Mzee ana kifuko kooni, kuna tiba bila kupasua shingo?

Mtoto wa Mzee: Habari wakuu, naombeni msaada. Baba yangu ana miaka 76, muda mrefu sasa chakula kinamkwama kooni. Anakula ugali jioni, usiku wa manane amelala unarudi mdomoni vilevile alivyoutafuna, mto unalowa, anakohoa mpaka nyumba nzima inaamka. Tumehangaika na dawa za asidi wapi, ndo majuzi kapigwa eksirei huku anameza bariamu, ile dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha, ikaonekana ana kifuko nyuma ya koo, wanakiita Zenker. Daktari mmoja anasema shingo ipasuliwe, mwingine anasema inawezekana kwa kamera kupitia mdomoni. Mzee ana presha na moyo wake dhaifu, naogopa sana.

Nesi wa Kamera: Pole sana mkuu. Elewa kwanza tatizo lenyewe ni msuli, ule wa mlangoni mwa umio (njia ya chakula kwenda tumboni) unaotakiwa kulegea mtu akimeza. Usipolegea vizuri, presha ya kumeza inausukuma utando wa ndani utokeze nyuma pale nyama ilipo nyembamba, ndo kifuko hicho. Ukiingiza kamera unaona matundu mawili, la umio na la kifuko, katikati kuna ukuta na msuli umo humo. Daktari anaukata huo ukuta kwa kisu kidogo cha umeme, kifuko kinafunguka upande wa umio na chakula kinashuka chenyewe, shingoni hakuna hata mshono. Zamani walitumia zaidi bomba gumu la chuma, hilo linataka usingizi kamili na shingo ikunjwe sana nyuma, wazee wengi hawawezi. Kamera laini inayopinda ilianza kutumika kwa kazi hii miaka ya 1990, na sehemu nyingine mgonjwa anasinzishwa tu, kwa mtu wa moyo hilo ni jambo kubwa.

Binti Tanga: Babu yetu alifanyiwa hiyo ya kamera, alianza na uji mwepesi, mbona siku hizi anakula wali na samaki. Ila kifuko kinaweza kurudi, wengine wanarudia. Muulize daktari ameshafanya wagonjwa wangapi na kama kuna daktari wa upasuaji jirani, maana umio ukitoboka ni dharura. Akirudi nyumbani mkaona homa, maumivu ya kifua au shingo imevimba, msisubiri asubuhi.

Mtoto wa Mzee: Asanteni mno. Na vidonge vya presha anavyomeza kila siku?

Nesi wa Kamera: Umeuliza la maana, vidonge vinaweza kubaki humo kwenye kifuko mkashangaa presha haishuki. Muulizeni mfamasia vipi vinaweza kusagwa, sio vyote. Halafu yeyote atakayetaka kumpitisha mpira wa puani au kamera mwambieni KABLA kwamba ana kifuko, mpira ukiingia humo kwa kulazimishwa unatoboa.