Koo linauma: tangawizi na ndimu inazidi kuchoma, nakosea wapi?

Mwanzisha uzi: Wakuu, koo linakwaruza, mafua na kikohozi vipo, homa hakuna. Tangawizi ya kuchemsha yenye ndimu inachoma badala ya kutuliza. Na mtoto wa miezi 9 anayekohoa, anaweza kupewa asali kidogo?

Mchaichai: Ndimu iache kwanza. Tindikali juu ya koo lililochubuka lazima iume. Tangawizi kipande cha sentimita 3, kata vipande vyembamba, usitwange. Vikombe 2 vya maji, moto mdogo, funika, dakika 10, chuja. Ukitwanga na kuchemsha nusu saa unakunywa pilipili tu. Ikipoa kiasi cha kushika kikombe bila kuungua, tia asali kijiko 1 cha chakula. Kunywa kwa mafunda madogo, maana asali inasaidia kwa kulipaka koo. Ukigugumia inapita tu.

Mama Wawili: Mtoto HAPANA, hata ya kulambishwa. Chini ya mwaka 1 asali inaweza kumletea botulizimu (ugonjwa wa sumu ya bakteria inayolegeza misuli): mbegu za bakteria huota kwenye utumbo usiokomaa, na kuichemsha jikoni hakuziui. Mnyonyeshe mara kwa mara. Akipumua haraka au mbavu zikibonyea ndani, hospitali.

Kokwa: Mmeruka chumvi, na ndiyo ningeanza nayo. Nusu kijiko cha chai kwenye maji vuguvugu kikombe 1 (mililita 250). Inua kichwa, sukutua hadi nyuma kabisa sekunde 30, tema, rudia mpaka kikombe kiishe. Mara 3 au 4 kwa siku. Chumvi hufyonza maji ya uvimbe, lakini ukijaza kijiko ukidhani ikiwa kali ndiyo dawa, koo litakauka na kuuma zaidi. Halafu sukutua KABLA ya asali, la sivyo unaiosha.

Mchaichai: Kweli kabisa. Karafuu nayo: ng'ata 1, iache mdomoni, inatia ganzi. Mafuta yake ya chupa usinywe.

Mwanzisha uzi: Asante wakuu. Na mizizi ya urukususi (licorice)?

Kokwa: Inalainisha koo vizuri, ila inapandisha presha na kushusha potasiamu. Mwenye presha, mgonjwa wa figo au mjamzito asiiguse. Siki isiyochanganywa na maji na kitunguu saumu kibichi pia achana navyo, vinaunguza.

Mama Wawili: Mafua na kikohozi mara nyingi ni virusi, hivyo dawa hizi zinatuliza wakati mwili unapambana. Ila koo likiuma bila mafua wala kikohozi, homa ikafika 38, tezi za shingo zikavimba na tonsili zikawa na madoa meupe, kapime. Huenda ni streptokoka, yaani bakteria, siyo virusi. Isipotibiwa kwa antibiotiki inaweza kuharibu vali za moyo, hasa kwa watoto. Mtu akishindwa kumeza hata mate, msingoje kukuche.